Uchumi Ukue Mpaka Wapi? Funzo la Karafuu za Unguja



Kila mwaka bajeti inaposomwa kuna neno moja halikosi: ukuaji. Uchumi umekua kwa asilimia kadhaa, na mwakani tunaahidiwa utakua zaidi. Wengine hufurahi, wengine hukasirika kwa sababu mfukoni hawajaona kitu. Lakini ni wachache wanaouliza, ukue mpaka wapi? Na unapokua, nani anakula na nani analiwa? Usidhani hili ni swali la maprofesa wa Ulaya tu. Pwani yetu ilishalipitia karne ya 19, kwa karafuu.

Hebu turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1800 inaanza, Unguja haikujulikana kwa karafuu. Watu walilima nafaka, muhogo na minazi, na chakula kingine kilibaki cha kuuza nje. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Wafaransa waliutoa huko wakaupanda Mauritius na Réunion, na kutoka visiwa hivyo ndipo ukafika Unguja katika miaka ya 1810. Bei yake wakati huo ilikuwa nono. Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar mpaka alipofariki mwaka 1856, aliiona faida mapema. Inasimuliwa kwamba aliwaamrisha wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Basi watu wakafyeka na kupanda, kila mtu anataka karafuu.

Kwa hesabu za leo tungesema huo ni uchumi wa kupigiwa mfano. Nyumba za mawe zikainuka mjini, meli za Marekani na Ulaya zikatia nanga, na mwaka 1837 Marekani ikaweka balozi wake mdogo hapo. Lakini tazama upande wa pili.

Kwanza, mikono. Karafuu huchumwa kwa mkono, kishada kwa kishada, kabla ua halijafunguka. Mashamba yalipozidi, wachumaji wakatafutwa kwa nguvu. Watu walitekwa bara, wengi kutoka pande za Ziwa Nyasa, wakauzwa kama bidhaa. Na tusifiche, vijana wenzangu: wengi wa wenye mashamba hayo walikuwa Waislamu wenzetu. Ukuaji ule uliandikwa kwenye vitabu vya forodha, lakini gharama yake aliibeba mtu ambaye hakuulizwa.

Pili, chakula. Kisiwa kilichokuwa kikiuza chakula kikawa kinanunua. Nafaka ikaletwa kwa majahazi kutoka mwambao wa bara. Malindi yetu hapa ilikuwa miongoni mwa wauzaji, nayo mtama wake ulilimwa na watumwa vilevile. Yaani shamba la karafuu kule likazaa shamba la utumwa huku.

Tatu, bei. Kila mtu alipopanda kitu kimoja, soko lilijaa, na miaka ya 1840 bei ikaporomoka. Mkarafuu nao si mchicha, ati ung'oe leo upande kingine kesho. Unakaa miaka kadhaa ndipo uzae. Kwa hivyo wengi waliendelea kupanda ili wafidie bei ndogo kwa wingi wa mavuno, na bei ikazidi kushuka. Madeni yakafuata, mashamba yakawekwa rehani. Kisha Aprili 1872 kikaja kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana baadaye ikawa mbele kwa karafuu. Mwaka uliofuata, 1873, Sayyid Barghash akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa.

Utadhani funzo liliingia. Wapi! Karne ya 20 mnunuzi mkubwa akawa Indonesia, kwa ajili ya sigara zake za karafuu. Indonesia ikapanda karafuu zake yenyewe, na kufikia miaka ya 1980 haikuhitaji tena za wengine. Mkulima wa Pemba akaachwa na magunia yake.

Sasa utaniuliza: kwani tusifanye biashara? La, hasha. Abdulrahman bin Auf (R.A.) alipohamia Madina hakuchukua mali ya nduguye wa Kiansari, aliomba aonyeshwe soko. Biashara si aibu. Hospitali, barabara na ajira zinahitaji mali. Ila Surat Takaathur, ambayo sote tumeihifadhi tangu chuoni, inatuonya juu ya kushindana kwa wingi. Hata Simon Kuznets, aliyewaandalia Wamarekani hesabu za pato la taifa mwaka 1934, alitahadharisha kwamba namba hiyo haiwezi kupima hali njema ya watu. Tahadhari yake ikasahauliwa, namba ikabaki.

Njia nyingine ipo, na hatuhitaji kusafiri mbali kuiona. Mei 2013, katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia hati za karatasi walizoziita Bangla-Pesa. Fikiria mama ana samaki wa kukaanga, jirani ni kinyozi, na wote hawana shilingi mpaka mwisho wa mwezi. Kila mmoja ana kitu cha kumuuzia mwenziwe, lakini biashara imelala. Kwa hati zile waliweza kuuziana, na shilingi kidogo waliyonayo ikabaki kwa kodi ya nyumba na karo. Mwezi huohuo watu sita walikamatwa na kushtakiwa, na ikavumishwa wana uhusiano na kundi la MRC. Agosti 2013 mashtaka yakaondolewa. Wazo lenyewe halikufa. Lilienea mitaa mingine, hata Nairobi, na baadaye likahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu.

Hati hizo haziwezi kununua mashine ya hospitali, hilo ni kweli. Lakini zinatukumbusha kwamba pesa inayozunguka mtaani hulisha watu wengi kabla ya kuondoka.

Basi ndugu yangu, Ramadhan hii tunaponunua vyakula vya kugawia mafukara, tusikimbilie kwa mwenye bohari peke yake. Mchele wa Tana upo. Muhogo wa Kilifi upo, nazi za Kwale zipo, na mama wa mahamri yuko pale pale kwenye kona. Mjini Unguja walikuwa na karafuu tele ghalani, na mtama wakangoja jahazi. Tusiwafuate katika hilo.

Allah atukubalie saumu zetu na atupe riziki ya halali yenye baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.