Mashua iliyopita Kabambare mabegani: funzo la zamani kwa mafundi wa leo

Mwezi Oktoba 1876, msafara mrefu ulishuka kutoka Kabambare kuelekea mto Lualaba. Kati ya mizigo ya nguo, shanga na risasi kulikuwa na mzigo ambao watu wa Manyema hawakuzoea kuuona: mashua nzima, imefunguliwa vipande vipande, inabebwa mabegani na watu. Jina lake lilikuwa Lady Alice. Mwenye msafara alikuwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa magazeti.

Wengi wanaikumbuka safari hiyo kwa sababu ya Stanley. Mafundi wa Kasongo na Kabambare wana sababu nyingine ya kuikumbuka. Mashua hiyo ilikuwa chombo cha nchi kavu na cha maji kwa wakati mmoja. Isitoshe, kabla ya kufika huku ilibidi ibadilishwe umbo, kwa kuwa jinsi ilivyoundwa Ulaya haikufaa njia za Afrika.

Kwa nini mashua ilihitajika

Kabla ya Stanley, Wazungu wawili walikuwa wamefika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, wakakwama. David Livingstone alikaa Kabambare muda mrefu, tena akiwa mgonjwa, kisha akafika Nyangwe mwezi Machi 1871. Alitaka mitumbwi ateremke mto, hakuipata. Tarehe 15 Julai mwaka huo aliona kwa macho yake watu wa biashara wakifyatua risasi sokoni Nyangwe na kuua raia wengi, wengi wao wanawake. Akarudi Ujiji. Mwaka 1874 akafika Verney Lovett Cameron. Yeye pia alinyimwa mitumbwi, akashika njia ya kusini.

Si ajabu kwamba wenye mitumbwi walikataa. Mtumbwi ulikuwa njia yao ya kukimbia na kuokoa watoto. Nani angempa mgeni mwenye bunduki mtumbwi wake, baada ya yale ya Nyangwe?

Stanley alijua habari za Livingstone. Aliagiza mashua yake mwenyewe Uingereza, kwa fundi James Messenger wa Teddington, karibu na mto Thames. Iliundwa kwa mbao nyepesi za mwerezi. Urefu wake ulikuwa kama mita 12, upana karibu mita 2, na iligawanyika vipande vitano. Wazo lilikuwa jepesi: kwenye nchi kavu vipande vinabebwa, kwenye maji vinaungwa.

Kosa lilionekana Zanzibar

Mashua ilipofika Zanzibar mwaka 1874, hesabu ya fundi wa Thames ilikataa. Kipande kimoja kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 100, wakati mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Zaidi ya uzito kulikuwa na shida ya upana. Njia za misafara zilikuwa njia za mguu, watu wakipita mmoja nyuma ya mwenzake. Kitu kipana kikibebwa na watu wawili wanaotembea sambamba, mmoja anatembea njiani na mwenzake anatembea ndani ya miiba.

Stanley akamwita fundi seremala aliyekuwa Zanzibar, jina lake Ferris, akavikata vile vipande upya ili viwe vidogo zaidi. Ni Ferris, aliyekuwa karibu na watu watakaobeba, aliyeipa mashua nafasi ya kufika Maniema.

Tarehe 17 Novemba 1874 msafara ukatoka Bagamoyo. Mwaka 1875 mashua ilizunguka Ziwa Victoria. Mwaka 1876 ikazunguka Ziwa Tanganyika kwa siku 51. Nahodha wake mshika usukani alikuwa Uledi, mtu wa Zanzibar, ambaye aliokoa watu wengi majini. Kila mara ilipotoka ziwani ilifunguliwa, na kila ilipofika maji ikaungwa tena. Hakuna karakana iliyohitajika. Kipande kikipasuka kiliweza kutengenezwa peke yake, pale pale kambini, bila kuvunja mashua nzima.

Kutoka Kabambare hadi msituni

Baada ya kuvuka Tanganyika, wapagazi waliibeba zaidi ya kilomita 300, wakapita Kabambare na kufuata bonde la mto Luama. Tarehe 17 Oktoba 1876 wakafika mahali Luama inapoingia Lualaba. Siku chache baadaye Stanley akakubaliana na Hamed bin Muhammed, yule anayeitwa Tippu Tip, aliyekuwa na makao yake Kasongo. Tippu Tip angemsindikiza kwa kambi 60, malipo dola 5,000. Tippu Tip mwenyewe ameandika habari za kukutana kwao katika kitabu cha maisha yake, kwa Kiswahili.

Tarehe 5 Novemba wakatoka Nyangwe na kuingia msitu mkubwa wa nchi ya Balega. Hapo hata vipande vilivyopunguzwa vikawa vikubwa. Miti ilifunga njia, matope yalishika miguu, na wabeba mashua walikuwa wa mwisho kufika kambini kila jioni. Tippu Tip alichoka mapema, akataka kuvunja mapatano. Ilibidi wakubaliane upya kwa safari fupi zaidi.

Tarehe 19 Novemba mashua ikaungwa na kuwekwa kwenye Lualaba. Kuanzia hapo mto ndio uliobeba, lakini si moja kwa moja. Kwenye maporomoko saba ya Boyoma, juu ya Kisangani ya leo, ilitolewa majini na kupitishwa nchi kavu tena na tena. Mwishowe, katikati ya 1877, iliachwa juu ya mwamba huko Isangila, katika Kongo ya chini. Siku chache baadaye mabaki ya msafara yakafika Boma, tarehe 9 Agosti. Watu zaidi ya mia mbili kati ya waliotoka Bagamoyo hawakufika: wengine walikufa kwa maradhi, njaa, vita na maji, wengine walitoroka.

Injini ilikuwa watu

Hapa ndipo habari hii inapowagusa watu wa Maniema. Ferris alipunguza vipande, lakini nguvu ya kuvisogeza haikubadilika. Kwenye maji ilikuwa mikono inayovuta makasia, na nchi kavu mabega. Mashua ilitengenezeka kirahisi. Mpagazi aliyeumia mguu msituni hakuwa na kipande cha akiba.

Baadaye Wabelgiji walijaribu kuiondoa kazi hiyo mabegani kwa chuma. Reli ya kupita maporomoko kutoka Stanleyville hadi Ponthierville ilimalizika mwaka 1906, na kufikia 1911 reli ya Kindu hadi Kongolo ilikuwa imekamilika. Kati ya Ponthierville na Kindu meli zilibeba mizigo mtoni. Ila reli ilipita upande wa magharibi wa Lualaba. Kasongo na Kabambare zikabaki mashariki, ng'ambo ya maji. Mzigo ukitoka kwenye reli bado unapaswa kuvuka mto, kisha kushika barabara ya matope.

Ndiyo maana watu wengi hufikiri kwamba jibu la Maniema ni gari linalotembea nchi kavu na majini pia. Magari hayo yapo duniani. Madogo yake huwa na magurudumu sita au manane, na nguvu ya injini hufika kwenye magurudumu kwa minyororo iliyopangwa ndani ya bodi, chini ya viti. Bodi imezibwa ili maji yasiingie. Uzuri huo huo ndio shida yake. Mnyororo ukilegea, makanika anafungua viti, sakafu na vifuniko kabla ya kuufikia. Matope yakiingia, yanabaki humo humo yakila chuma.

Mafundi wanaobadilisha magari ya namna hiyo hufanya kazi inayofanana na ile ya Ferris. Wanapanga upya njia ya nguvu kutoka injini hadi gurudumu: minyororo inasogezwa mahali mkono unapofika, kila mmoja unakazwa bila kugusa mwingine, sehemu za kutia grisi zinatolewa nje, na sakafu inakatwa mlango wa ukaguzi wenye mpira wa kuzuia maji. Gari halizidi mbio, lakini likiharibika mbali na mji fundi analifungua na kulifunga pale pale.

Watu wa Kasongo wanalijua jambo hili bila kusoma mahali. Pikipiki na baiskeli zinapakiwa kwenye mtumbwi, zinavuka, zinaendelea. Mnyororo wa pikipiki uko nje, kila mtu anauona, na kijana mwenye ufunguo mmoja anaukaza kando ya barabara. Pale ambapo hata pikipiki haipiti, mzigo unarudi kule kule ulikokuwa 1876. Familia zilizowahi kukimbia Salamabila na vijiji vya jirani zinajua uzito wa godoro, sufuria na mtoto kwa siku moja ya kutembea.

Kwa hiyo mtu akileta Maniema chombo kipya, cha msaada au cha biashara, maswali ya kumwuliza ni yale ambayo mashua ya Messenger ilishindwa kuyajibu hadi ilipofika Zanzibar. Kinapita kwenye njia yetu ilivyo? Kikiharibika Kabambare, fundi wa Kabambare anaweza kukifungua? Na kikikwama, nani atakibeba?