Kupunguza uzito: utajuaje kuwa sasa inatosha?

Swali la kupunguza uzito hutufikia karibu kila tunapofungua simu za wasikilizaji. Wengi huuliza waanze vipi. Wachache sana huuliza wasimame lini, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mmoja hupungua hadi akaishiwa nguvu. Mwingine huacha ghafla, akarudia sahani yake ya zamani, na baada ya miezi michache kilo zote zimerudi. Makala hii inaeleza pa kusimama na la kufanya baada ya hapo.

Maneno ya watu si mizani

Kwetu Kendwa, kama kwingineko Unguja, mtu akinenepa baada ya harusi huambiwa ndoa imemkubali. Akipungua kidogo tu, barazani anaulizwa: "Mbona umekonda hivyo, unaumwa?" Kwa maneno hayo wengine huacha mapema na huku presha yao bado iko juu. Wengine hupendezwa na sifa, wakaendelea kujinyima hata pale mwili unapokataa. Ndiyo maana tunahitaji vipimo.

Vipimo vya kutazama

Cha kwanza ni uwiano wa uzito na urefu. Chukua kilo zako, gawa kwa urefu wako kwa mita, kisha jibu ligawe tena kwa urefu huo huo. Shirika la Afya Duniani huhesabu 18.5 hadi 24.9 kuwa uzito wa kawaida kwa mtu mzima, 25 hadi 29.9 uzito uliozidi, na 30 kwenda juu unene wa kupindukia. Mtu wa mita 1.60 yuko katika uzito wa kawaida akiwa na takriban kilo 48 hadi 63. Kipimo hiki hakitenganishi mafuta na misuli, kwa hiyo mvuvi mwenye mwili wa kazi anaweza kuonekana amezidi na hali hana kitambi.

Cha pili ni kiuno, na hakihitaji mizani. Chukua kamba yenye urefu sawa na wako, ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kwa kawaida. Ncha zikikutana, kiuno hakijazidi nusu ya urefu wako. Zisipokutana, mafuta ya tumboni bado ni mengi, na hayo ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na maradhi ya moyo.

Cha tatu ni afya yenyewe: presha na sukari. Si lazima ufike uzito wa kawaida ndipo ufaidike. Kwa mtu mwenye uzito uliozidi, kupungua asilimia 5 hadi 10 mara nyingi hutosha kushusha presha na sukari. Mwenye kilo 80 hapo anazungumzia kilo 4 hadi 8. Akifika 72, vipimo vikawa vizuri na chakula anachokula anakimudu kila siku, anaweza kusimama hapo, hata kama mizani ya mtaani inamwambia bado.

Dalili za kusimama mara moja

Simama na umuone daktari ukipata kizunguzungu, ukihisi baridi wakati wenzako wana joto, nywele zikikatika kwa wingi, hedhi ikikosekana, au fikra zako zote zikiwa ni chakula. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota kiliwapunguzia chakula wanaume 36 kwa miezi sita mwaka 1945. Walikuwa vijana wenye afya, lakini walidhoofika, wakahisi baridi na wakawa hawawazi ila kula.

Mjamzito asijipunguze. Anayetumia dawa za sukari au presha amwambie daktari kila anapopungua, kwani kipimo cha dawa huenda kikahitaji kubadilishwa. Na anayepungua bila kukusudia asishangilie. Aende kituo cha afya, maana kifua kikuu na kisukari huanza hivyo.

Kusimama si kurudi nyuma

Mwili uliopungua unahitaji chakula kidogo kuliko ulivyokuwa mkubwa. Ukirudia sahani ya zamani, utarudi uzito wa zamani. Kwa hiyo ongeza taratibu. Wiki ya kwanza ongeza kitu kimoja, mfano kipande cha muhogo au kijiko kikubwa cha wali, kisha tazama kwa wiki mbili. Uzito ukiwa bado unashuka, ongeza tena. Ukitulia, hapo ndipo kiasi chako.

Usiogope ukiona kilo moja au mbili zimepanda siku za mwanzo. Mwili unaporudisha akiba yake ya wanga huhifadhi na maji pamoja nayo. Si mafuta yote hayo. Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya chai. Weka mpaka wako mapema: kilo 2 juu ya pale uliposimama, unapunguza maandazi na soda, kilo 2 chini, unaongeza chakula.

Mazoezi yasiachwe, maana ndiyo yanayosaidia zaidi kulinda uzito. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Maji yakitoka, ufukwe wa kuelekea Nungwi unatosha, na hauna ada.

Ramadhani na baada yake

Mtihani mkubwa ni Ramadhani na sikukuu. Wapo wanaopungua mchana na kuongezeka usiku kwa tambi, sambusa na sharubati. Mwezi huo usiweke lengo la kupungua. Lengo liwe kubaki ulipo. Fungua kwa tende na maji, kula futari sahani moja, na daku usiiruke. Sikukuu ikipita, rudi kwenye siku yako ya mizani.

Na ukiulizwa barazani kama unaumwa, jibu unalo: kamba yako, presha yako na sukari yako.