Anga Iliyosomwa Kutoka Pwani ya Ngomeni

Simulizi ya falaki tuliyoizoea ni simulizi ya darubini. Huanza na Galileo akiielekeza ya kwake kwenye sayari ya Mshtarii mwezi Januari 1610, hupitia kwa William Herschel na vioo vyake vikubwa, kisha huishia kwenye vilele vya Hawaii na Chile, ambako hewa ni nyepesi na kioo kimoja hupimwa kwa mita. Ni simulizi ya kweli, ila humwachia msomaji dhana kwamba kusoma nyota ni kuzitazama, na kwamba aonaye mbali zaidi ndiye ajuaye zaidi. Makala haya yanatetea jambo lingine. Mageuzi makubwa ya falaki katika karne ya 20 yaliletwa kwa kiasi kikubwa na mwanga ambao jicho haliuoni kabisa, na hatua mojawapo ya msingi ya mageuzi hayo ilianzia baharini, mbele ya kijiji cha Ngomeni kaskazini mwa Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Tena pwani ile haikuokotwa tu kwenye ramani. Mahali penyewe palikuwa sehemu ya chombo cha utafiti, kama ilivyokuwa betri yake au saa yake.

Nyota haziendeki. Huwezi kuimega kipande ukakipeleka maabara, wala kuizunguka ukaiona mgongo. Kinachotufikia ni mwanga, na kazi ya mwanafalaki ni kuuhoji mwanga huo mpaka uungame. Mwaka 1835 mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte alikata kauli kwamba binadamu hatajua kamwe nyota zimeumbwa kwa kitu gani. Hoja ilikuwa na mantiki yake, lakini ilikuwa imekwisha kupitwa. Tangu 1814 Joseph Fraunhofer, fundi wa vioo huko Bavaria, alikuwa ameupitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo na kuorodhesha mamia ya mistari myeusi inayokatiza rangi zake. Mwaka 1859 Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, wakiwa Heidelberg, wakaipatia mistari hiyo maana: kila elementi ikiwa katika hali ya mvuke hufyonza rangi zake maalumu, kwa hiyo anayeisoma mistari anasoma chuma, sodiamu na kalisi zilizomo juani. Mwaka 1925 Cecilia Payne, pale Harvard, aliisoma mistari ya nyota kwa fizikia mpya ya atomu akakuta kwamba nyota ni haidrojeni na heli kwa sehemu kubwa mno. Henry Norris Russell, bingwa wa zama hizo, alimwambia haiwezekani. Miaka 4 baadaye akafika palepale kwa njia yake mwenyewe.

Hayo yote yalitoka kwenye utepe mwembamba wa mwanga unaoonekana, na utepe huo ni sehemu ndogo tu ya mwanga uliopo. Herschel alikwisha kuonyesha mwaka 1800 kwamba kipimajoto kilichowekwa nje ya rangi nyekundu, mahali pasipo na mwanga wowote wa kuonekana, kinapanda. Mwaka uliofuata Johann Ritter akagundua mionzi nyingine upande wa pili, zaidi ya urujuani. Karl Jansky, mhandisi wa simu nchini Marekani, alitangaza mwaka 1933 kwamba mawimbi ya redio yanatoka katikati ya Njia Nyeupe. Zilibaki eksirei, alizozigundua Wilhelm Röntgen mwaka 1895, na kwa hizo wanafalaki walikuwa na shida ya peke yake. Angahewa yetu inazizuia zote zitokazo angani. Hiyo ni heri kwa ngozi zetu, lakini maana yake ni kwamba hata upande Kilimanjaro au Mauna Kea hutapata kitu. Ni lazima chombo kitoke nje ya hewa.

Roketi ndizo zilizofungua mlango huo. Mwaka 1949 kundi la Herbert Friedman liliweka vihesabio vya mionzi kwenye roketi za V-2 zilizotekwa Ujerumani, likathibitisha kwamba jua letu hutoa eksirei. Lakini hizo ni hafifu sana zikilinganishwa na mwanga wake wa kawaida, na hesabu rahisi ilionyesha kwamba nyota iliyo kama jua, ikiwa mbali kama zilivyo nyota nyingine, isingesikika kwa vyombo vya wakati huo. Wengi waliona hakuna haja ya kuhangaika. Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya American Science and Engineering huko Massachusetts, pamoja na Bruno Rossi na wenzao, wakaomba fedha za kupima eksirei zinazoakisiwa na mwezi. Roketi yao iliruka kutoka White Sands, New Mexico, mwezi Juni 1962, ikakaa juu ya hewa kwa dakika chache. Kutoka mwezini hawakupata kitu. Walichopata ni chimbuko kali upande wa kundinyota la Nge, lililopewa jina Scorpius X-1, ambalo hutoa eksirei nyingi kuliko mwanga wa kuonekana, kinyume kabisa na jua. Hakuna aliyekuwa na nadharia ya nyota ya namna hiyo. Na kwa dakika chache za kila roketi, nadharia isingepatikana. Palihitajika setilaiti ya kuizunguka dunia miezi kwa miezi.

Hapa ndipo Ngomeni inapoingia. Mwaka 1958 James Van Allen alikuwa ameonyesha kwamba dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye umeme zilizonaswa na usumaku wake. Juu ya Brazili na Atlantiki ya Kusini mkanda wa ndani hushuka chini kiasi kwamba setilaiti zinazoruka kilomita 500 hupita ndani yake. Kihesabio cha eksirei kikifika hapo hujaa kelele, kwa kuwa chembe hizo nazo hukipiga na kuhesabiwa. Dawa yake ni njia ya mzunguko inayoshikamana na ikweta, ambayo hulikwepa eneo hilo kwa sehemu kubwa. Lakini roketi inayorushwa kutoka Cape Canaveral, nyuzi 28 na nusu kaskazini, huanza na mzunguko ulioinama angalau nyuzi hizo hizo. Kuulaza mzunguko huo juu ya ikweta baadaye ni kama kutaka kuligeuza jahazi lililobeba shehena na tanga limejaa upepo: linageuka, ila kwa gharama. Scout, roketi ndogo ya bei nafuu iliyotengewa kazi hii, haikuwa na nguvu za kulipia gharama hiyo.

Waitalia walikuwa na jibu. Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, jenerali wa jeshi la anga na mhandisi, alikuwa amekubaliana na NASA kuanzisha uwanja wa kurushia roketi baharini karibu na ikweta, na kuanzia 1964 majaribio yakafanyika katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni. Jukwaa la kurushia liliitwa San Marco; la pili, Santa Rita, lililokuwa mtambo wa kuchimbia mafuta baharini, lilikuwa chumba cha uongozi. Yote mawili yalisimama kwa miguu ya chuma kwenye sakafu ya bahari, takribani nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti San Marco 2 iliruka kutoka hapo. Faida nyingine ilikuja bure: kwenye ikweta dunia yenyewe huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, na roketi ielekeayo huko inarithi kasi hiyo kabla haijawasha injini.

Setilaiti iliyorushwa 1970 ilikuwa na uzito wa takriban kilo 140. Siku ya kurushwa iliangukia miaka 7 tangu Kenya ipate uhuru, na Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi kwa upande wa NASA, akaipa jina la Uhuru. Ndani yake hamkuwa na darubini wala kamera. Kulikuwa na masanduku bapa ya gesi ya arigoni, yamefunikwa kwa bati jembamba la berili ambalo eksirei hupenya lakini mwanga wa kawaida haupiti. Kila eksirei iingiayo huing'oa elektroni kwenye atomu ya gesi, umeme kidogo unashtuka kwenye waya, na mshtuko huo unahesabiwa. Mbele ya kila sanduku palikuwa na vijibomba vya chuma vilivyobana uwanja wa kuona: upande mmoja vilikata nusu nyuzi tu, upande mwingine nyuzi 5. Setilaiti nzima ilijizungusha pole pole, mara moja kwa kila dakika 12 hivi. Chimbuko likiingia kwenye uwanja wa kuona, hesabu ilipanda, ikafika kileleni, ikashuka. Kutokana na vilima hivyo vya namba, na bila picha hata moja, ramani ya anga nzima ikachorwa.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha namba hizo zilivyosomwa. Chimbuko liitwalo Centaurus X-3 lilionekana likipiga mapigo, moja kila sekunde 4.8, bila kukosea. Kitu kikubwa kama jua hakiwezi kujizungusha kwa kasi hiyo bila kupasuka, kwa hiyo mwenye mapigo lazima awe mdogo na mzito ajabu. Kisha ikaonekana kwamba mapigo yanatoweka kwa karibu nusu siku, yanarudi, na kutoweka tena kila baada ya siku 2.09. Katikati ya vipindi hivyo mapigo huwahi kidogo, halafu huchelewa kidogo, kwa utaratibu laini: ndivyo ilivyo kwa kitu kinachotusogelea na kisha kutuacha. Jibu likajipanga lenyewe. Ni nyota mbili zinazozungukana, moja kubwa ya kawaida inayoificha nyingine kila mzunguko, nyingine mfu iliyoshindiliwa, yaani nyota ya nyutroni. Bado lilibaki swali la nishati. Nyota ya nyutroni iliyo peke yake hupunguza mwendo wa kujizungusha kadiri inavyotumia nguvu zake, lakini hii kwa jumla ilikuwa ikiongeza. Basi ilikuwa ikilishwa: gesi ya jirani yake mkubwa inavutwa, inaporomoka juu yake, inapata joto la mamilioni ya nyuzi na kung'aa kwa eksirei. Uzito, ukubwa, umbo la njia na chanzo cha nguvu, vyote vimepatikana kwa kuhesabu mishtuko ya umeme dhidi ya saa.

Hercules X-1 ikatoa hadithi kama hiyo kwa mapigo ya sekunde 1.24. Cygnus X-1 ikakataa. Yenyewe haikuwa na mapigo, ilitetereka ovyo kwa muda usiofika sekunde, na kitu hakiwezi kutetereka haraka kuliko mwanga unavyokivuka, kwa hiyo nayo ilikuwa ndogo. Wanafalaki wa redio walipata mahali pake hasa. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto, wakaikuta hapo nyota kubwa ya buluu ikizunguka kila siku 5.6 na mwenzi asiyeonekana, mzito kupita kiasi kinachoweza kubebwa na nyota ya nyutroni. Ndilo shimo jeusi la kwanza kukubalika na wengi. Setilaiti ilinyamaza mwaka 1973. Orodha yake ya mwisho, iliyotolewa 1978, ina machimbuko 339, na miongoni mwayo ni makundi ya galaksi yaliyojaa gesi ya moto ambayo hakuna darubini ya kawaida iliyowahi kuihisi. Mwaka 2002 Giacconi alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Msomaji makini atapinga. Atasema chombo kilikuwa cha Wamarekani, jukwaa la Waitalia, namba zikapelekwa Massachusetts, na Kenya ilitoa bahari na jina. Sehemu kubwa ya pingamizi hilo ni kweli, na heri lisemwe waziwazi kuliko kupakwa rangi ya sherehe. Jina lilikuwa heshima ya mgeni kwa mwenyeji, wala haligeuzi umiliki. Ila pingamizi linakwenda mbali kupita kiasi pale linapodai kwamba mahali hapana uzito. Umbali wa Alpha Centauri ulipimwa na Thomas Henderson katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833, kwa vyombo vya Uingereza na kwa fedha za Uingereza, kwa sababu nyota hiyo haichomozi kabisa London. Hakuna mwandishi wa historia ya falaki anayeifuta Afrika Kusini kwa hoja ya pasipoti ya Henderson. Kipimo kile kilihitaji latitudo ile. Vivyo hivyo roketi ya Scout ilihitaji latitudo ya Ngomeni, na bila hiyo hesabu za Centaurus X-3 zingejaa kelele za Atlantiki ya Kusini, au zingengoja roketi kubwa na bajeti kubwa zaidi. Zingepatikana siku moja, bila shaka. Historia lakini huandikwa kwa yaliyopatikana na mahali yalipopatikana.

Pingamizi la pili ni kwamba Uhuru ilikuwa bahati ya mara moja. Rekodi inakanusha. Kutoka jukwaa lilelile iliruka SAS-2 mwaka 1972, iliyochunguza miale ya gama. Ariel 5 ya Uingereza mwaka 1974. Na SAS-3 mwaka 1975. Ariel 5 ndiyo iliyoona mlipuko wa A0620-00 mwezi Agosti 1975, ambao baadaye ulijulikana kuwa kazi ya shimo jeusi lingine. Urushaji wa setilaiti ulikoma mwaka 1988, roketi za Scout zilipokuwa zikielekea ukingoni.

Setilaiti ya Kenya yenyewe, Taifa-1, iliruka mwezi Aprili 2023 kutoka California, na wako waliouliza kwa nini haikutoka nyumbani. Swali ni la haki lakini jibu lake liko kwenye fizikia ileile. Taifa-1 hupiga picha za mashamba na misitu, hivyo inahitaji mzunguko unaopita karibu na ncha za dunia ili nchi yote ipite chini yake, na kwa mzunguko huo ikweta haina cha kuongeza. Wachunguzi wa eksirei hawajabadili shauri. IXPE, setilaiti ya Marekani na Italia iliyorushwa Desemba 2021 kutoka Florida, ilipewa roketi ya Falcon 9 yenye uwezo wa kubeba tani nyingi, ingawa yenyewe ina kilo 330 hivi. Nguvu iliyobaki ilitumika kuulaza mzunguko wake juu ya ikweta. Imekwisha kuzipima upya Centaurus X-3, Hercules X-1 na Cygnus X-1, na kituo chake kikuu cha kupokelea data ni antena za Malindi.