Kwenda haja kila baada ya kula: Ayurveda inasaidia nini, na hospitali ni lini?

Na Mwandishi Wetu

WAPO watu ambao kila wamalizapo kula hulazimika kukimbilia chooni. Kwa mkazi wa Mbagala au Tegeta anayetumia muda mrefu ndani ya basi kwenda kazini, au mpangaji wa Tandale anayetumia choo kimoja na familia nyingine kadhaa, hali hiyo si jambo dogo. Wengine huamua kushinda na njaa ili wasiaibike njiani.

Wengi huamini kuwa chakula walichokula muda huo huo ndicho kinachotoka. Sivyo. Kwa kawaida chakula huchukua zaidi ya siku moja kupita mwilini. Tumbo linapotanuka kwa chakula, neva na homoni huuamuru utumbo mpana ujikaze na kusukuma mbele mabaki ya milo iliyotangulia. Kila binadamu ana mfumo huo, nao huwa na nguvu zaidi asubuhi na baada ya mlo mkubwa au wenye mafuta mengi.

Kwa baadhi ya watu utumbo huwa mwepesi mno kuitikia amri hiyo. Maumivu ya tumbo yanayoambatana na haja ya mara kwa mara, bila kidonda wala uvimbe unaoonekana katika vipimo, huweza kuwa dalili za tatizo ambalo madaktari huliita utumbo wenye hisia kali. Wasiwasi, kahawa, pilipili, maharage, vitunguu, vyakula vya ngano na maziwa mabichi ni miongoni mwa vinavyoweza kuichochea hali hiyo.

Ayurveda, tiba ya kale ya India, ina jina lake kwa maradhi yanayofanana na haya: grahani. Kitabu cha Charaka Samhita, kilichoandikwa miaka ipatayo 2,000 iliyopita, kinaeleza kuwa chanzo chake ni kudhoofika kwa agni, yaani moto wa kumeng'enya chakula. Sayansi ya leo haitambui moto huo, lakini ushauri mwingi utokanao na fikra hiyo haugombani na ule wa hospitali.

Wa kwanza ni kula kwa saa zilizopangwa, kiasi kidogo, chakula cha moto, kwa utulivu na kwa kutafuna vizuri. Mlo mdogo haulitanui tumbo sana, hivyo nao msukumo hupungua.

Wa pili ni kuchagua vyakula laini, kama uji wa mchele au wali uliopikwa pamoja na choroko hadi ukalainika, ukiungwa kwa tangawizi na binzari nyembamba badala ya pilipili na mafuta mengi.

Wa tatu ni mtindi mwepesi uliochanganywa na maji na binzari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa. Bakteria wa mtindi hula sehemu ya sukari ya maziwa, ambayo watu wazima wengi wa Afrika hushindwa kuimeng'enya. Maziwa na maji yake sharti yachemshwe kwanza.

Wa nne ni maganda ya mbegu za isabgoli, ambayo hufyonza maji na kukifanya choo kiwe na umbo. Mwongozo wa mwaka 2021 wa madaktari bingwa wa mfumo wa chakula nchini Marekani nao unapendekeza nyuzi za aina hiyo. Anza na kiasi kidogo, na unywe maji ya kutosha.

Vidonge na unga visivyo na maelezo ni suala jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uligundua madini ya risasi, zebaki au aseniki katika dawa 14 kati ya 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani katika eneo la Boston, Marekani. Hapa nchini, Sheria Namba 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mtoa tiba anatakiwa kusajiliwa nalo. Muulize cheti chake kabla ya kumlipa. Wajawazito na wanaotumia dawa za kila siku wamwone daktari kwanza.

Aidha, si kila haja ya mara kwa mara ni tatizo la mlo. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia Kinondoni kabla ya kuenea Temeke, Ilala na mikoa mingi ya Bara. Anayeharisha maji mfululizo asingoje mtindi wala tangawizi. Apewe maji ya chumvichumvi, au lita 1 ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku akikimbizwa kituo cha afya.

Mwone daktari pia ukiona damu katika choo, ukipungua uzito, ukipata homa, ukiamshwa usiku na haja, au hali ikianza ukiwa na umri mkubwa. Amiba, minyoo, kifua kikuu cha tumbo, Virusi vya Ukimwi na saratani vyote huweza kuanza hivyo, na hospitali za rufaa za Mwananyamala na Temeke zipo karibu. Kununua dawa ya amiba kila mara bila kupima choo huchelewesha tu kujulikana kwa chanzo.

Kwa wiki 2, andika ulichokula, saa uliyokula na mara ulizokwenda haja. Daftari hilo litakuonesha chakula kinachokusumbua, na litamsaidia daktari kujua aanzie wapi.