Malkia Anapotawa

Mvua ya kwanza ya masika ilikatika magharibi, na taa ya kibarazani kwetu Tanga ikajaa mabawa. Mpwa wangu alikuja mbio na bakuli. "Mjomba, kumbikumbi!" Shangazi, aliyekuwa mkekani akichambua mchele, alimnyanyua mdudu mmoja kwa ncha za vidole, akamsogeza kwenye mwanga, akamrudisha chini. "Huyu ana kiuno," alisema. "Kumbikumbi hana kiuno. Huyu chungu."

Sikuongeza neno. Kumbikumbi ni mchwa aliyeota mabawa: mwili wake umenyooka bila kukatika, mabawa yake manne yanalingana urefu, na mapapasio yake ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Chungu amekatika kiuno, mabawa ya mbele yamezidi ya nyuma, na papasio limepinda katikati kama kiwiko. Kwa nasaba pia hawakaribiani. Mchwa ni wa ukoo wa mende, ilhali chungu ni ndugu wa nyigu na nyuki. Hata ndoa zao ni mbalimbali. Kumbikumbi dume na jike hufuatana, wakachimba chumba pamoja, na mfalme wa mchwa akaishi na malkia wake miaka na miaka. Dume la chungu hupanda na malkia angani, na baada ya hapo halina siku nyingi. Malkia hushuka mjane.

Habari za malkia huyo zilikuwa zikinisumbua tangu mwezi uliopita, kwa kuwa nilikuwa nimechukua kazi ya kutafsiri mwongozo wa kukamata malkia wa chungu na kuanzisha naye kaya nyumbani. Ulaya na Marekani wapo watu wanaofuga chungu kama wengine wanavyofuga samaki kwenye tangi la kioo. Mwongozo wenyewe haukuwa mgumu. Kilichonikwamisha ni neno moja, na neno hilo ndilo lililobeba kazi yote.

Kwanza ukamataji. Malkia aliyekwisha kuwa na kaya yuko chini ya ardhi, pengine mita kadhaa, na anayemchimbua huharibu kaya nzima ili apate mdudu ambaye huenda hata asihimili kuhamishwa. Anayetafutwa ni malkia mpya, siku ile ile anaposhuka kutoka angani. Kila aina ina msimu wake. Kwa chungu weusi wa bustani za Ulaya, Lasius niger, ni jioni za joto za Julai na Agosti. Kwetu wengi husubiri mvua ilainishe ardhi, kisha hutoka hewa ikiwa imetulia na ina unyevu. Baada ya mruko, aliye hodari wa kutafuta haangalii juu. Huinamia njia, kingo za barabara na kuta zenye taa, akimtafuta chungu mkubwa anayetembea peke yake kama aliyepotea. Kifua chake ni kinene, kwa kuwa ndimo ilimo misuli ya mabawa. Tumbo ni kubwa. Na kama mabawa hayapo, ubavuni huonekana makovu madogo pale yalipokatikia.

Kukatika kwenyewe nilikuona jioni ile. Yule aliyerudishwa chini na shangazi alisimama ukingoni mwa kidaraja, akapinda bawa moja mbele, akalisukuma kwa mguu wa kati, akapumzika, akasukuma tena. Likaanguka. Hakuna damu wala kujikunyata, maana pale kwenye shina la bawa pana mstari dhaifu wa kukatikia. Manne yalimchukua dakika chache. Kisha akaanza kupapasa ufa kati ya saruji na ukuta, kwa haraka ya mtu aliyechelewa, maana kenge, kuku na chungu wengine hawangoji.

Huko ufani ndiko neno langu lilikokuwa. Malkia wa aina nyingi za chungu akishapata shimo huliziba kwa ndani. Hatoki tena, na hali. Hutaga mayai machache, akayalamba yasiote ukungu, na mabuu yakitoka huyalisha kwa akiba ya mwili wake: mafuta yaliyo tumboni, na ile misuli minene ya mabawa ambayo sasa haina kazi, ikayeyushwa ndani ya mwili ikawa chakula cha watoto. Mbegu za dume alizipokea siku moja tu, akaziweka katika kifuko cha ndani, na zitamtosha maisha yake yote. Maisha yenyewe si mafupi. Malkia mmoja wa Lasius niger aliyefugwa Ulaya aliishi zaidi ya miaka 28.

Wanasayansi huliita jambo hili kwa jina linalotokana na neno la Kilatini claustrum, yaani mahali palipofungwa, neno ambalo ndilo lililozaa pia jina la boma la watawa. Rasimu yangu ya kwanza ilisema "malkia mfungwa". Nililifuta siku ya pili. Mfungwa amefungwa na mtu mwingine, anataka kutoka, na serikali humpa ugali. Hapa hakuna hata moja kati ya hayo matatu. Nikajaribu "mwali", kwa kuwa mwali naye huwekwa ndani. Lakini mwali anangoja kutolewa aolewe, na huyu arusi yake imeshapita.

Jioni ile nikamweleza shangazi habari yote, tangu dume kufa hadi shimo kuzibwa. Alisikiliza akiendelea kuchambua, kisha akasema bila kuinua macho, "Basi huyo ni kizuka, mwanangu. Amekalia eda."

Nilikosa la kujibu kwa muda. Kizuka, kwetu pwani, ni mjane aliye ndani ya eda. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, lakini akiwa na mimba eda humalizika kwa kujifungua. Mjane, mjamzito, amejifungia, na atatoka kwa kuzaa: shangazi alikuwa amepanga vitu vyote vinne kwa neno moja, na mimi nilikuwa na kamusi tatu mezani.

Hata hivyo sikulitumia, na sababu yangu ni ya jikoni. Kizuka hulishwa. Jamaa na majirani humletea chakula, na ni aibu asipoletewa. Msomaji wa mwongozo akisoma "kizuka" atafanya lililo jema kwa desturi yake, atafungua kichupa kila asubuhi amtilie asali. Malkia huyu akisumbuliwa hivyo hupatwa na hofu, na malkia mwenye hofu hula mayai yake mwenyewe. Istilahi katika mwongozo ni maagizo yaliyofupishwa, na hili lingeagiza kinyume. Tena kuna mahali ambapo kizuka ni jinamizi la usiku, na sikutaka barua kutoka huko.

Nimechagua kutawa. Kutawa ni kukaa ndani usitoke, kwa hiari yako na kwa jambo unalolijua mwenyewe. Pwani mtu hutawa nyumbani mwake. Bara mtawa ni yule wa monasterini. Kwa bahati hiyo Kiswahili na Kilatini vinakutana mlango mmoja bila hata mmoja kumwiga mwenzake. Rafiki yangu Mkatoliki alicheka sana kusikia habari za mtawa mwenye mimba, nami nakubali kwamba hapo neno linachechemea. Ila linashikika kila upande: malkia hutawa, malkia mtawa, utawa wa malkia, kuanzisha kaya kwa kutawa. Na wale wa aina nyingine, ambao huchimba shimo lakini hulazimika kutoka kutafuta chakula cha watoto, nimewaita watawa nusu. Anayefuga mtawa nusu lazima amlishe. Anayefuga mtawa kamili humpa maji nyuma ya pamba, giza, na utulivu, basi.

Nimesema kaya, si koloni. Koloni limekwisha kutumika vibaya, na chungu hawajamkalia mtu.

Siafu hawamo kabisa katika hesabu hii. Malkia wao hana mabawa, haruki, hatawi. Kundi likizidi hugawanyika mafungu mawili, na kila fungu huwa na malkia wake na jeshi lake. Nalisema hili kwa sababu ya kesi ya magendo ya wadudu ya Kenya ya mwaka 2025, ambapo kila niliyezungumza naye aliwataja wadudu wale kwa jina lake, huyu siafu, yule mchwa. Hawakuwa hawa wala wale. Walikuwa Messor cephalotes, chungu wakubwa wavunaji wa mbegu. Messor ni Kilatini cha mvunaji. Mwezi Aprili vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa kaunti ya Nakuru wakiwa na malkia wapatao 5,000, na wanaume wengine wawili wakakamatwa na mamia kadhaa zaidi. Tarehe 7 Mei mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza wote wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12.

Malkia wale walikuwa ndani ya vichupa vyembamba vya maabara, kila kichupa na pamba yake, na shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, lilieleza kuwa wangeweza kuishi humo hadi miezi miwili. Ukiwa umelielewa neno kutawa, huulizi iliwezekanaje. Messor ni mtawa kamili. Hahitaji kulishwa njiani, anakaa gizani kimya, na kichupa kwake ni shimo lililokwisha kuzibwa. Kinachompa uhai ardhini ndicho kilichomfanya awe bidhaa nyepesi kusafirisha. Na kila mmoja aliyetiwa humo ni kaya nzima iliyokosekana katika udongo wa Bonde la Ufa, pamoja na mbegu ambazo watoto wake wangezitawanya. Mwongozo wangu sasa unaanza na ukurasa wa vibali, kabla ya taa na pamba, na mhariri aliyetaka ukurasa huo uende nyuma nimemkatalia.

Wa kibarazani kwetu sikumtia kichupani. Aliingia ufani, na kesho yake ufa ulikuwa umejaa chembe za mchanga mbichi. Majuma yakapita. Asubuhi moja mpwa wangu aliniita niangalie: pale pale walikuwa wakitoka chungu wadogo ajabu, nusu ya ukubwa wa wale wa jikoni. Wa kwanza huwa hivyo siku zote, kwa kuwa wamelelewa kwa akiba ya mwili mmoja tu, na nilikuwa nimeshawaandikia jina, vifungua mimba.

Shangazi aliinama akawatazama, akadondosha punje ya mchele kando ya ufa.

"Haya," alisema, "ametoka eda."