Udhuru wa Chupa ya Dawa

Katika zama za ndege za majini za Imperial Airways, ambazo tangu mwaka 1937 zilikuwa zikishuka Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi katika safari yao ya kutoka Uingereza kwenda Durban, swali la mlangoni halikuhusu mkoba wa abiria, lilihusu mwili wake. Mkataba wa siha ya safari za angani, uliotiwa saini mjini The Hague mwaka 1933, ulikuwa umeyataja maradhi matano ya kuhadhari nayo, yaani tauni, kipindupindu, homa ya manjano, homa ya chawa na ndui, na msafiri aliyetoka katika nchi iliyoshukiwa kuwa na mojawapo aliweza kukaguliwa na hata kutengwa. Watu wa Unguja hawakuhitaji kufundishwa maana ya jambo hilo, kwani katika kisiwa cha Changuu jengo lililojengwa miaka ya 1890 kwa nia ya kuwa gereza lilikuwa limekwisha kugeuzwa la karantini, ambamo wasafiri wa baharini walihesabu siku zao huku wakiuona mji ng'ambo ya maji na wasiruhusiwe kuukanyaga.

Basi zama hizo dawa ndiyo iliyokuwa mdhamini wa msafiri. Aliyechanjwa alitoa cheti chake, afisa akautazama muhuri, akampisha. Mgonjwa wa mwisho wa ndui iliyoambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Marka, katika pwani ya Banadir, Oktoba 1977, na baada yake cheti cha ndui kikakosa kazi; lakini kufikia hapo milango ya viwanja vya ndege ilikuwa imekwisha kupata swali jingine. Septemba 1970 ndege tatu zilizotekwa nyara zililipuliwa zikiwa tupu katika jangwa la Jordan, na kuanzia tarehe 5 Januari 1973 kila abiria wa ndege za Marekani alilazimika kupita katika ukaguzi, yeye na mkoba wake. Kilichotafutwa kilikuwa chuma, yaani bastola, kisu na bomu la mkono, na kwa kuwa chombo kilichotegwa kunasa chuma hakina habari na maji, mgonjwa alipita na chupa yake bila ya kusailiwa.

Tarehe 11 Disemba 1994 ndege ya shirika la Ufilipino iliyokuwa ikielekea Tokyo ilipasukiwa na bomu angani, abiria mmoja akafa, na rubani akajitahidi mpaka akaishusha Okinawa. Aliyelitega alikuwa amekwisha kuteremka Cebu, na kimiminiko cha bomu lile alikuwa amekiingiza ndegeni ndani ya chupa ya maji ya kusafishia lenzi za macho. Ajabu ninayoiona mimi katika habari hii ni kwamba hila ilikuwa imevaa nguo ya dawa, na jambo hilo lilijulikana, ilhali ilipita miaka kumi na moja na ushei pasiwe na kanuni ya kudumu juu ya chupa.

Kisha ikaja tarehe 10 Agosti 2006. Polisi wa Uingereza walikuwa wamewakamata usiku watu waliokusudia kuziangamiza ndege za kwenda Amerika ya Kaskazini kwa milipuko iliyotiwa katika chupa za vinywaji, na asubuhi yake abiria walioamka na mikoba yao waliambiwa kwamba hakuna mkoba utakaoingia ndegeni. Kilichoruhusiwa ni pasi, pochi na vitu vichache vya dharura, vyote vitiwe katika mfuko wa plastiki wa kuonyesha vilivyomo. Ila dawa iliachiwa mlango: vifaa vya mwenye kisukari vilipita, na dawa za majimaji zilipita kwa sharti la kuthibitishwa. Maziwa ya mtoto nayo yalipita, lakini aliyeyachukua alitakiwa ayaonje mbele ya mkaguzi, chupa moja baada ya moja. Tazama jinsi mambo yalivyopinduka: aliyekuwa akidhaminiwa na dawa sasa ndiye aliyetakiwa kuidhamini dawa, na dhamana yenyewe ilikuwa ulimi wake.

Marufuku yale hayakudumu katika ukali wake. Kuanzia tarehe 6 Novemba 2006 nchi za Umoja wa Ulaya zilikubali chupa zisizozidi mililita 100, zote zitoshe katika mfuko wa lita moja, na kanuni hiyo ikaenea duniani, dawa na chakula cha mtoto vikiendelea kuwa na udhuru wao. Aghalabu watu huitaja insulini kuwa ndiyo iliyohitaji udhuru huo, kumbe kichupa chake cha kawaida kina mililita 10 tu. Mashaka yake ni mengine. Haivumilii joto kali, na ikiganda huharibika. Kwa hiyo haifai kuwekwa pamoja na mizigo tumboni mwa ndege, ambako baridi yaweza kuigandisha, na ambako mzigo ukipotea mgonjwa hufika Muscat au Toronto mikono mitupu. Kinachoweza kuzuiwa mlangoni ni ile barafu ya kuipoza, ambayo ikiyeyuka huhesabiwa kuwa maji. Nyumbani mtu asiye na jokofu hukitia kichupa katika chungu cha udongo kilicholowanishwa, kikapata ubaridi wa kadiri; lakini chungu hakisafiri. Wenye haja kubwa zaidi ya udhuru ni wale wenye mifuko ya maji ya kusafishia damu kwa njia ya tumbo, ambayo mmoja huweza kuwa na lita mbili, na wazazi wenye chupa za dawa ya mtoto.

Vidonge navyo vina mambo yake. Mkataba wa mwaka 1961 juu ya madawa ya kulevya ulikumbuka kulihalalisha sanduku la huduma ya kwanza la meli na ndege, ukamsahau abiria, na yeye hakutajwa mpaka mkataba wa mwaka 1971 juu ya dawa za akili ulipoziachia serikali hiari ya kumruhusu achukue kiasi kidogo kwa matumizi yake. Na kila nchi ina sheria yake: kidonge cha maumivu chenye kodini, kinachouzwa kwingine bila ya cheti cha tabibu, kikifika katika nchi za Ghuba huhitaji idhini.

Fauka ya hayo, katika siku zile za Agosti 2006 Wamarekani walitaka jina lililoandikwa katika dawa lilingane na jina la tikiti. Kwetu vidonge hutolewa katika bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa 1x3, maana yake kimoja mara tatu kwa siku, basi. Mwenye kuvimeza yuajulikana, aandikiwe jina la nini? Siku hizi wanaokwenda safari ndefu huisukuma pasi chini ya kioo cha duka la dawa na kuomba waandikiwe kama ilivyo humo, na mfamasia huinama akayabana majina matatu, la mtu, la baba na la babu, pembeni mwa ile 1x3, mpaka herufi za mwisho zikapinda zikashuka ubavuni mwa bahasha.