Mkataba wa uendeshaji

Serikali inapoikabidhi kampuni usimamizi wa hospitali kwa miaka kadhaa, huku majengo na vifaa vikibaki mali ya umma, watu husema hospitali "imebinafsishwa". Neno hilo limevuka mpaka, maana mwenye mali ni yule yule. "Kukasimu" nalo halitoshi: aliyekasimu madaraka anaweza kuyachukua kesho asubuhi, ilhali kampuni yenye mkataba haiondolewi hivyo bila fidia au kesi. Ukisema "kandarasi", msomaji anafikiria usafi, ulinzi na chakula cha wagonjwa, kazi ambazo watu wa nje huzifanya bila mganga mfawidhi kuhama ofisi. Nashika "mkataba wa uendeshaji". Wengine husema "wa menejimenti", sigombani nao.

Wafanyakazi wenyewe hawahangaiki na jina. Muuguzi wa Tanzania akisikia habari hizo atauliza: cheki namba yangu ya mshahara wa serikali inabaki? Michango inaendelea PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, au nahamishiwa NSSF ya sekta binafsi? Nitakuwa mtumishi wa kuazimwa, au naanza upya na miezi ya majaribio? Mtafiti wa mitazamo yao anayegawa dodoso la "unakubali au unapinga" kabla ya maswali hayo kujibiwa anapima wasiwasi tu.

Uingereza ilitoa mfano ulio safi kabisa kwa istilahi yetu. Februari 2012 kampuni ya Circle ilianza kuiendesha hospitali ya Hinchingbrooke, iliyokuwa imelemewa na madeni, kwa mkataba wa miaka 10. Vyama vya wafanyakazi vilipinga, lakini madaktari na wauguzi walibaki waajiriwa wa NHS, huduma ya afya ya taifa. Kampuni hata iliwapa ruhusa, bila kujali cheo, kusimamisha shughuli yoyote waliyoona inahatarisha mgonjwa. Mkataba uliiruhusu Circle kujitoa ikiwa fedha inazochangia kufidia hasara zingezidi pauni milioni 5, na Januari 2015 ikatangaza kuondoka, wakati huohuo wakaguzi wakiipa hospitali daraja la chini kabisa. Walioondoka ni waendeshaji. Wauguzi walibaki na mwajiri wao.

Lesotho mambo yalikuwa mengine. Hospitali ya Queen 'Mamohato mjini Maseru, iliyofunguliwa mwaka 2011, ilijengwa na kuendeshwa na kampuni ya Tsepong, iliyoongozwa na Netcare ya Afrika Kusini, kwa mkataba wa miaka 18. Hapa ajira nayo ilikuwa mikononi mwa kampuni. Mwaka 2021 wauguzi waligoma wakidai mshahara ulingane na wa wenzao wa serikali, wengi wakafukuzwa, na mwaka huohuo serikali ikaamua kuuvunja mkataba. Huo tuuite ubia. "Uendeshaji" peke yake ungeficha kilichowaumiza.

Kwetu Tanzania kuna sura iliyogeuzwa: Hospitali Teule. Mwenye hospitali na mwendeshaji ni kanisa, serikali ndiyo inayoingia mkataba ili iwe hospitali ya wilaya, na hupeleka watumishi na ruzuku. Katika wodi moja, zamu moja, unaweza kumkuta muuguzi anayelipwa na Hazina akibadilishana kitabu cha ripoti na mwenzake anayelipwa na dayosisi, wote wakiwa chini ya daktari kiongozi mmoja. Mtafiti wa mitazamo ya wafanyakazi aanzie kwa hao wawili, na swali lake la kwanza liwe mshahara wa kila mmoja umeingia tarehe ngapi.